Hatua au Daraja? Historia ya Neno Regresheni katika Taaluma Mbalimbali

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kikuu cha Kongo hukutana na neno la Kifaransa régression mara kadhaa kabla mwaka haujaisha, na kila mara hulikuta lina kazi nyingine. Katika somo la jiolojia huambiwa kwamba bahari ilifanya regresheni. Katika takwimu huchora mstari wa regresheni. Katika saikolojia husikia habari za mtoto wa miaka minne ambaye, baada ya mama yake kujifungua mwingine, ameanza tena kukojoa kitandani, na hali hiyo nayo huitwa regresheni. Katika isimu hufundishwa kwamba sauti moja inaweza kupata usilimisho wa kiregresheni kutokana na sauti inayoifuata. Akitaka kuyaeleza hayo yote kwa Kiswahili, jibu la kwanza linalomjia ni moja tu: kurudi nyuma. Jibu hilo si kosa. Lakini katika Kiswahili, kumwambia mtu kwamba amerudi nyuma ni kumlaumu, na hapo ndipo matata yanapoanza, kwa kuwa katika baadhi ya taaluma hizo lawama haimo kabisa, na katika nyingine imo ingawa wenye taaluma wanaikana.

Asili ya neno ni Kilatini. Kitenzi regredi kimeundwa kwa kiambishi re-, chenye maana ya nyuma au tena, na gradi, yaani kupiga hatua. Jina gradus, la shina hilohilo, lilikuwa na maana mbili ambazo Kilatini hakikuzitenga: lilikuwa hatua anayoipiga mtu ardhini, na lilikuwa pia kidato cha ngazi, na kwa hiyo cheo. Kiswahili kinazitenga. Hatua ni kitu kimoja, na daraja ni kitu kingine. Anayerudi hatua moja amebadili mahali aliposimama. Anayeshuka daraja moja amepungukiwa na heshima. Historia ya neno regresheni katika taaluma za Ulaya tangu karne ya 19 ni, kwa sehemu kubwa, historia ya maana hizo mbili kuchanganywa.

Katika taaluma kongwe neno lilikuwa la hatua tu. Wanamantiki walilitumia kwa tatizo ambalo Aristotle alikwisha kulieleza: ikiwa kila hoja yahitaji hoja nyingine ya kuithibitisha, basi ama mfululizo huo hauna mwisho, ama unazunguka na kujirudia, ama unakoma kwenye jambo linalojulikana bila ya uthibitisho. Wasomi wa Ulaya wa zama za kati waliuita mfululizo usio na mwisho kwa neno la kurudi nyuma. Wanafalsafa wa Kiislamu, walioupinga mfululizo huo wa sababu ili kuthibitisha kuwapo kwa Muumba, waliuita tasalsul, neno lenye mzizi mmoja na silsila, yaani mnyororo. Vilevile wanajimu husema kwamba vifundo vya njia ya mwezi, yaani zile sehemu mbili ambapo njia hiyo hukata njia ya jua mbinguni, hurudi nyuma na kukamilisha mzunguko kwa muda wa miaka 18.6 hivi. Hakuna aliyedhani kwamba mwezi unapoteza cheo kwa kufanya hivyo.

Wanajiolojia nao walilichukua neno katika maana hiyohiyo ya hatua. Bahari inapopanda na kufunika nchi kavu, husema imevuka mpaka wake. Inaposhuka na kuiacha nchi wazi, husema imefanya regresheni. Sababu yaweza kuwa kupungua kwa maji yenyewe, kama ilivyokuwa wakati wa baridi kuu ya mwisho, miaka 20,000 hivi iliyopita, maji mengi yalipoganda juu ya mabara ya kaskazini na usawa wa bahari ukawa chini ya huu wa leo kwa takriban mita 120. Yaweza pia kuwa kuinuka kwa nchi. Katika kipindi hicho cha baridi kisiwa cha Unguja kilikuwa kimeungana na bara, ilhali Pemba, iliyotengwa na mkondo wenye kina kikubwa, ilibaki kisiwa. Kurudi kwa bahari kulikuwa kupanuka kwa Afrika. Wasemaji wa Kiswahili wa mwambao hawakuhitaji mwalimu kuwafundisha jambo hili, kwa kuwa kila siku huona maji yakijaa na kupwa, na jina lenyewe la pwani limefungamana na kitenzi hicho cha kupwa: pwani ni mahali maji yanapopwa.

Kongo ina mfano wake. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron, akizunguka Ziwa Tanganyika, alifika kwenye mdomo wa Lukuga, karibu na mahali ulipo mji wa Kalemie leo, akatangaza kwamba huo ndio mto unaotoa maji ya ziwa. Stanley alipopita mwaka 1876 alikuta njia imezibwa na matope na mafunjo, maji hayatoki, na ziwa linapanda. Kila mmoja alieleza alichokiona. Miaka michache baadaye ziwa lilikizidi kizuizi hicho, Lukuga ukafunguka, na kabla karne haijaisha usawa wa ziwa ulikuwa umeshuka kwa takriban mita 10. Wavuvi wa Ujiji waliona maji yakiwakimbia. Upande wa pili, maji hayohayo yalikuwa yakiteremka kuelekea Lualaba. Swali la kama ziwa lilirudi nyuma au lilisonga mbele lategemea ufuko ambao mtu amesimama.

Kwa Francis Galton mambo yalibadilika. Galton alizaliwa Birmingham mwaka 1822, akawa binamu wa Charles Darwin, na sifa yake ya kwanza aliipata Afrika: kati ya 1850 na 1852 alisafiri katika nchi ambayo leo ni Namibia, akaandika kitabu juu ya safari hiyo. Aliporudi kwao alishughulika na kupima kila kitu, hasa watu. Katika kitabu chake cha 1869 kuhusu urithi wa vipaji aliyapanga mataifa ya dunia kwa madaraja ya akili, akawaweka Waafrika chini ya Waingereza, ingawa hakuwa na kipimo chochote cha akili mkononi. Mwaka 1883 akaunda neno la kutaja elimu aliyoitamani, elimu ya kuboresha uzazi wa binadamu kwa kuchagua nani azae. Yafaa mambo haya yakumbukwe, kwani neno regresheni la wanatakwimu lilizaliwa katika nyumba hiyo.

Swali lililomsumbua lilikuwa hili: ikiwa wazazi bora huzaa watoto bora, mbona familia mashuhuri hazidumu? Mwaka 1875 aliwagawia rafiki zake mbegu za njegere za mapambo, zimepangwa kwa ukubwa wa namna saba, wazipande na kumrudishia mavuno. Mbegu zilizotokana na mbegu kubwa zilikuwa kubwa, lakini si kwa kadiri ya mama zao. Zilizotokana na mbegu ndogo zilikuwa ndogo, lakini si ndogo mno. Tofauti yao na wastani ilikuwa theluthi moja tu ya ile ya wazazi. Alipoyatangaza matokeo haya jijini London mwaka 1877, alitumia neno la wafugaji lililomaanisha mnyama kurudia sura ya mababu zake. Baadaye aliona kwamba haikuwa lazima babu yeyote atajwe, akalibadili. Katika hotuba yake ya Aberdeen mwaka 1885, na katika makala yaliyochapishwa mwaka uliofuata, neno lilikuwa regresheni, na kichwa cha makala kilisema kwamba regresheni hiyo huelekea kwenye hali duni ya katikati. Galton aliupa wastani wa hesabu jina la dharau.

Safari hii alikuwa amepima watu: watoto 928 waliokwisha kuwa watu wazima, waliozaliwa na jozi 205 za wazazi. Urefu wa wanawake aliuzidisha kwa 1.08 ili ulingane na wa wanaume, kisha akatafuta kati ya urefu wa baba na wa mama. Wastani wa watu wake ulikuwa inchi 68 na robo, yaani sentimita 173 hivi. Aliona kwamba wazazi waliozidi wastani kwa inchi 3 walikuwa na watoto walioozidi, kwa makadirio ya kati, kwa inchi 2. Inchi moja ilikuwa imepotea njiani. Ilionekana kana kwamba kuna nguvu katika maumbile inayowavuta warefu chini na kuwainua wafupi, hata vizazi vichache vikipita watu wote walingane.

Ila watu hawalingani. Wazazi na watoto wa Galton walikuwa na mtawanyiko wa urefu ulio karibu sawa, na warefu wa kizazi kipya walikuwa wengi kama warefu wa kizazi cha zamani. Galton mwenyewe aligundua kwa nini, na ugunduzi huu una uzito kuliko kichwa cha makala yake. Aliligeuza jedwali. Badala ya kuanza na wazazi, alianza na watoto, akachagua wale waliozidi wastani kwa inchi 3 na kutazama wazazi wao. Wazazi hao hawakuwa warefu kuwapita watoto. Walizidi wastani kwa inchi 1 tu. Basi ukitoka kwa wazazi kwenda kwa watoto, unakuta kurudi kwenye wastani. Ukitoka kwa watoto kwenda kwa wazazi, yaani ukipanda juu katika wakati, unakuta kurudi kwenye wastani vilevile, tena kwa nguvu zaidi, kwa sababu urefu wa baba na wa mama ukichanganywa hutoa idadi zilizokaribiana. Jambo linaloonekana kurudi nyuma upande wowote utakaolitazamia haliendi popote. Hakuna uzao unaoshuka. Kuna vipimo viwili tu vinavyohusiana, lakini havihusiani kikamilifu, na anayechagua waliozidi sana katika kipimo cha kwanza huwachagua pia wale ambao bahati iliwasaidia siku hiyo. Katika kipimo cha pili bahati haina deni nao.

Hesabu yenyewe ilisafishwa na wengine. Hamilton Dickson, mwanahisabati wa Cambridge, alimfafanulia Galton umbo la duaradufu lililojitokeza katika jedwali lake. Karl Pearson alitoa kanuni za uhusiano katika miaka ya 1890. Udny Yule, mwaka 1897, alionyesha kwamba mstari wa Galton ni uleule unaopatikana kwa njia ya miraba midogo kabisa, njia iliyochapishwa na Legendre mwaka 1805 kwa ajili ya njia za nyota mkia. Tangu hapo mwanauchumi aweza kuchora mstari wa regresheni kati ya mvua na mavuno ya mihogo, na hakuna chochote katika mihogo hiyo kilichorudi mahali popote. Neno limebaki kama jina la mtu aliyepewa jina la babu yake mlevi, naye hanywi.

Lakini maana ya kwanza haikufa, nayo imewapotosha hata maprofesa. Mwaka 1933 Horace Secrist, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani, alitoa kitabu kikubwa kilichojaa majedwali ya biashara za kila aina. Alizipanga kwa faida ya mwaka wa kwanza, akazifuata kwa miaka, akaona kwamba za juu zilishuka na za chini zilipanda, akahitimisha kwamba ushindani unaziangamiza biashara bora. Mwanatakwimu Harold Hotelling alimjibu kwamba majedwali hayo hayathibitishi lolote isipokuwa kwamba yamepangwa kwa mwaka wa kwanza. Yakipangwa kwa mwaka wa mwisho yatasema kinyume. Katika mabishano yaliyofuata alimfananisha Secrist na mtu anayewapanga ndovu safu kwa safu ili athibitishe jedwali la kuzidisha.

Mfano wa pili ni mwepesi zaidi kwa msemaji wa Kiswahili kuliko kwa yule aliyeuandika. Daniel Kahneman na Amos Tversky, katika makala ya mwaka 1973, walieleza habari za walimu wa marubani wa kijeshi walioshikilia kwamba sifa huharibu na ukali hufundisha. Ushahidi wao ulikuwa wa kila siku: mwanafunzi aliyesifiwa kwa kuruka vizuri sana aliruka vibaya mara iliyofuata, na aliyekaripiwa kwa kuruka vibaya sana aliruka vizuri zaidi. Kumbe yote mawili yangetokea hata kama mwalimu angenyamaza, maana mruko wa ajabu, uwe mzuri au mbaya, kwa kawaida hufuatwa na wa wastani. Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa mambo yote mawili. Kurudi ni kurejea mahali, na kumrudi mtoto ni kumwadhibu ili aache kosa. Walimu wale waliona kurudi kwa kwanza wakadhani ni matunda ya kurudi kwa pili. Chuo chochote kinachofanya mitihani miwili kwa mwaka kina daftari lililojaa jambo hili: walioanguka vibaya katika awamu ya kwanza kwa jumla husogea juu katika ya pili, na walioongoza husogea chini. Mwalimu anayewaita wale wa kwanza wavivu waliotishika, na wale wa pili wenye kiburi waliolegea, ametunga hadithi mbili juu ya jambo lisilo na hadithi hata moja.

Wakati Galton akipima urefu, wanabiolojia walikuwa na regresheni yao: kupotea kwa viungo. Kongo yenyewe ina kielelezo chake, samaki kipofu wa mapango ya Mbanza-Ngungu, Caecobarbus geertsii, aliyeelezwa na Boulenger mwaka 1921. Wazazi wake wa kale walikuwa na macho; yeye hana haja nayo gizani. Je, amerudi nyuma? Miaka 24 kabla samaki huyu hajapewa jina, Wabelgiji watatu, Jean Demoor, Jean Massart na Émile Vandervelde, walikuwa wamechapisha kitabu juu ya mageuzi ya kiregresheni katika viumbe na katika jamii. Walidai mambo mawili yanayostahili kukumbukwa. Kwanza, kila badiliko huambatana na upotevu: hakuna kiungo wala desturi inayokua bila ya nyingine kufifia, kwa hiyo maendeleo na regresheni si njia mbili bali ni pande mbili za njia moja. Pili, kinachofifia hakipiti tena njia iliyokileta. Mwenzao wa Brussels, Louis Dollo, alikwisha kutangaza mwaka 1893 kwamba mageuzi hayageuki: kiumbe hakirudii kamwe hali ya wazee wake. Samaki wa Mbanza-Ngungu hakurudi kuwa kiumbe wa kabla ya macho. Amekuwa samaki wa pangoni, jambo ambalo hakuna babu yake aliyewahi kuwa.

Vandervelde, mwanasoshalisti na mbunge, aliupinga Bungeni utawala wa Leopold wa Pili katika Kongo. Mwaka 1909 alisafiri hadi Léopoldville kumtetea mahakamani mmisionari William Sheppard, Mmarekani Mweusi aliyeshtakiwa na Kampuni ya Kasai kwa kuandika juu ya mateso ya Wakuba, na Sheppard akaachiliwa. Si lazima kitabu cha 1897 kiwe ndicho kilichompeleka huko. Lakini mtu aliyekwisha kuandika kwamba jamii hazipandi wala kushuka ngazi moja alikuwa na sababu moja pungufu ya kuamini kwamba kampuni ya mpira ilikuwa ikiwapandisha watu.

Saikolojia ilichagua ngazi. Mwaka 1881 Mfaransa Théodule Ribot, katika kitabu chake juu ya maradhi ya kumbukumbu, alitoa kile alichokiita sheria ya regresheni: kumbukumbu inapobomoka huanza na yaliyo mapya na kuishia na yaliyo ya kale, yale mazoea ya awali ya mwili yakiwa ya mwisho kupotea. Mwaka 1884 tabibu wa Uingereza Hughlings Jackson alifundisha kwamba ubongo umejengwa kwa tabaka, za juu zikiwa changa na dhaifu, za chini kongwe na imara, na maradhi huziangusha kuanzia juu. Sigmund Freud alimfuata Jackson katika kitabu chake cha 1891 kuhusu kupotea kwa lugha. Katika kitabu cha ndoto kilichobeba tarehe ya 1900, regresheni ya Freud ilikuwa bado ya hatua: katika usingizi njia ya kuelekea matendo imefungwa, kwa hiyo msisimko wa akili hurudi upande wa hisi, na wazo hugeuka picha. Mwaka 1914 akaongeza ibara inayotenganisha regresheni tatu: ya mahali, ya wakati na ya umbo. Akasema kwamba kwa msingi ni moja, maana kilicho cha kale kwa wakati ndicho sahili kwa umbo.

Katika sentensi hiyo hatua iligeuka daraja. Ikiwa cha kale ni sahili, na sahili ni cha chini, basi mgonjwa aliyerudi utotoni ameshuka, na mtoto yuko chini. Kitabu cha Freud cha 1913 kilimweka kando ya mtoto na mgonjwa mtu wa tatu, yule aliyemwita mshenzi, aliyedhaniwa kuishi hadi leo mahali ambapo Mzungu alipita zamani. Hoja ya Dollo ilisahauliwa. Roman Jakobson, katika kazi yake ya mwaka 1941, alipeleka fikra hiyohiyo kwenye isimu: mgonjwa wa kupotewa na lugha huziacha sauti kwa utaratibu wa kinyume cha ule ambao mtoto alizipata. Wazo lilikuwa zuri, likazaa utafiti mwingi, lakini utafiti huo ulionyesha kwamba mgonjwa mzima hazungumzi kama mtoto. Anatafuta neno alilolijua, anakasirika, anazunguka kwa maneno mengine. Amekuwa kitu kipya, kama samaki wa pangoni.

Ngazi hiyo haikubaki vitabuni. Katika Kongo ya Wabelgiji mtu aliyesoma shule na kufanya kazi ya ofisini aliitwa évolué, yaani aliyekwisha kuendelea. Mwaka 1948 serikali ikaanzisha kadi ya sifa ya uraia, na mwaka 1952 ikaongeza daraja la juu zaidi la kuandikishwa. Mwombaji alitakiwa asiwe na wake wengi, asihusike na uchawi, ajue kusoma, kuandika na kuhesabu. Kwa daraja la 1952 wakaguzi waliweza kumtembelea nyumbani kutazama namna anavyoishi na mkewe. Kila kitu katika ukaguzi huo kilitegemea fikra kwamba kuna njia moja tu, na kwamba aliyesimama juu yake aweza kuteleza.

Aliyekuwa chini ya ngazi hakuitwa kwa neno la Kifaransa. Aliitwa basenji, na neno hilo lilitoka katika Kiswahili mshenzi. Hapa wapenzi wa lugha hii hawana budi kukiri kwamba Kiswahili kilikuwa na ngazi yake kabla Wabelgiji hawajafika. Ustaarabu kwa asili yake ni kufanana na Waarabu, na ushenzi ulikuwa jina la watu wa bara katika vinywa vya watu wa pwani. Misafara iliyoingia Maniema ilibeba maneno hayo mawili pamoja na vitambaa na bunduki. Kwa hiyo anayetafsiri regresheni ya Freud kwa kusema kurudi kwenye ushenzi hajavumbua kosa jipya. Ameunganisha ngazi ya Vienna na ngazi ya misafara.

Kwa mtafsiri wa leo, jina moja halitoshi taaluma zote, na hakuna ubaya. Bahari na ziwa zina kupwa. Wanamantiki wana silsila isiyo na mwisho, iliyo wazi kuliko Kilatini chenyewe. Wanatakwimu wana kuelekea wastani kwa lile jambo alilolikuta Galton, na mstari wa makadirio kwa ile hesabu ya Yule; wakipenda kubaki na neno regresheni, walichukue kama jina tupu. Katika saikolojia kurejea kwafaa kuliko kushuka, nako kutajwe kunarejewa nini, kwa kuwa mtoto anayekojoa tena kitandani amerejea tendo fulani, hajarejea umri. Kodi ambayo Wafaransa huiita ya kiregresheni hairudi nyuma hata kidogo. Kodi ya thamani iliyoongezwa, iliyoanza kutozwa Kongo tarehe 1 Januari 2012 kwa kiwango cha asilimia 16, humtoza kila mnunuzi sehemu ileile ya bei. Ila anayetumia mapato yake yote sokoni hutoa sehemu kubwa zaidi ya mapato hayo kuliko anayeweka akiba. Hiyo iitwe kodi imlemeayo maskini, na hapo lawama inafaa kubaki.

Ama isimu, Kiswahili chenyewe kinamaliza mjadala. Kiambishi n- kikikutana na -baya, hugeuka m-, nasi husema nyumba mbaya: sauti ya nyuma imefuata ya mbele yake, na huo ndio usilimisho wa kiregresheni. Kikikutana na -refu hubaki n-, lakini r hugeuka d, nasi husema nyumba ndefu: safari hii sauti ya mbele ndiyo iliyofuata ya nyuma. Na kikikutana na -wili, mambo yote mawili hutokea pamoja: n- huifanya w kuwa b, kisha b huifanya n- kuwa m-, na nyumba zikawa mbili.